Sabuni ya nyumbani kwa mashine ya vyombo: kwa nini glasi zinaingia ukungu, na wapi pesa inaokolewa kweli

SWALI: Mtaalamu, bei ya sabuni ya mashine ya kuoshea vyombo imenishinda, nikaamua kujitengenezea. Nilichanganya vikombe 2 vya soda ya kufulia, vikombe 2 vya boraksi, kikombe 1 cha asidi ya sitriki na kikombe 1 cha chumvi ya mezani. Kwenye tundu la dawa ya kusuuzia natia siki. Mwanzoni vyombo vilitoka safi kabisa. Sasa glasi zina ukungu mweupe, sahani zinakwaruza ukizipapasa, na unga wenyewe umeganda ndani ya chupa. Je, nirekebishe vipimo, au jambo lenyewe haliwezekani?

JIBU: Linawezekana, ila kuna sharti ambalo mapishi ya namna hii hayalitaji: maji yako yawe laini, ama kwa asili yake au kwa msaada wa mashine. Maji yakiwa magumu, hakuna kipimo cha soda na boraksi kitakachokuokoa. Na hata yakiwa laini, sidhani kama huo ndio mfuko unaovuja pesa nyingi zaidi.

Tuanze na glasi. Kuondoa mafuta na makombo si kazi kubwa kwa mashine hii. Maji ya moto yanayorushwa kwa nguvu, yakiwa na soda ya kufulia ndani yake, yanafika pH ya 11 hivi, yaani yanakuwa alkali kali, kinyume cha asidi, na mafuta mengi hayawezi kushikilia chombo katika hali hiyo. Ndiyo maana siku za mwanzo ulifurahi. Taabu iko kwenye kile ambacho maji yamekuja nacho kutoka bombani. Maji magumu yamebeba kalsiamu na magnesiamu. Soda ya kufulia ni kaboneti ya sodiamu. Ikikutana na kalsiamu, kaboneti inaikamata na kuwa chokaa, ile ile inayoota ndani ya birika. Kwa hiyo soda haikuondolei kalsiamu, inaigeuza vumbi jeupe na kulimwaga juu ya vyombo. Kila mzunguko unaongeza tabaka jembamba usiloliona, mpaka siku moja unainua glasi kwenye mwanga na kukuta ukungu.

Piga hesabu uone ukubwa wake. Chukua maji yenye ugumu wa miligramu 250 kwa lita, ukipimwa kama kaboneti ya kalsiamu. Hayo ni maji magumu, lakini si ya ajabu. Awamu kuu ya kuosha hutumia kama lita 4. Hapo una karibu gramu 1 ya chokaa inayotafuta pa kutua, katika awamu moja tu, kabla hata ya kusuuza.

Sabuni ya kiwandani imeundwa hasa kwa ajili ya gramu hiyo moja. Ndani yake kuna viambato vinavyoshika kalsiamu na kuiweka ikiwa imeyeyuka, iondoke na maji machafu badala ya kubaki kwenye glasi. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na tripolifosfeti ya sodiamu, na ilifanywa vizuri mno. Lakini fosfeti ikifika mitoni na maziwani hurutubisha mwani, na mwani ukizidi samaki hukosa hewa. Mwaka 2010 majimbo kadhaa ya Marekani yaliibana katika sabuni za mashine za vyombo, na Umoja wa Ulaya ukafanya hivyo kuanzia tarehe 1 Januari 2017. Watengenezaji wakahamia kwenye sitreti (zinazotokana na asidi ya sitriki), polima na viambato vingine vya kushika madini. Wateja wengi walilalamika wakati wa mabadiliko hayo, tena kwa malalamiko yale yale unayoniandikia wewe: glasi zenye ukungu. Kama watu wenye maabara walitoka jasho, usishangae kwamba kikombe cha boraksi hakikutosha.

Na ukishauriwa na mtu yeyote ununue trisodiamu fosfeti, ile inayouzwa kwa kusafishia kuta kabla ya kupaka rangi, uirudishe sabuni ya zamani, kataa. Jina linafanana, kazi haifanani. Hiyo ni alkali kali inayoangusha kalsiamu kama soda inavyofanya. Haiishiki ikabaki majini.

Sasa ujue ukungu wako ni wa aina gani. Itie glasi moja kwenye siki ya vuguvugu kwa robo saa, kisha isugue kidogo na uisuuze. Ikirudi kung'aa, ilikuwa chokaa, na glasi zote zinaokoka kwa njia hiyo hiyo. Ikibaki na ukungu, hasa wenye rangi za upinde wa mvua ukiigeuza kwenye mwanga, basi kioo chenyewe kimelika na hakitengenezeki. Kulika huko huletwa na kinyume cha tatizo lako: maji laini sana, alkali nyingi, moto mkali. Mtu anayeona chokaa na kuongeza soda ili "kutia nguvu" anaweza kujikuta ametoka kwenye shida ya kwanza akaingia ya pili. Kwa sahani zinazokwaruza nina hakika zaidi kwamba ni chokaa.

Hatua inayofuata ni kupima maji. Kuna vijikaratasi vya kupimia ugumu, na mamlaka nyingi za maji hutoa takwimu hizo ukiuliza. Ukikosa vyote, kwangua sabuni ya mche kidogo ndani ya chupa yenye maji ya bombani, tikisa. Maji laini yatatoa povu zito. Maji magumu yatatoa povu haba na utando unaoelea.

Kisha angalia sakafu ya mashine yako, chini ya kikapu cha chini. Ukiona mfuniko mkubwa wa kuzungusha, mashine ina kilainisha maji. Mashine za soko la Ulaya karibu zote zinacho. Nyingi za Marekani hazina. Ndani ya kilainisha kuna punje za resini zinazonyakua kalsiamu na kuachia sodiamu mahali pake. Zikijaa, mashine huziosha kwa maji ya chumvi kali ili zianze upya. Hapo ndipo chumvi inapotakiwa, na ndipo, nadhani, mwenye mapishi yako alipochanganya mambo. Chumvi ikimwagwa pamoja na sabuni hailainishi maji hata kidogo, kwa sababu haigusi resini. Kinachobaki ni kloridi nyingi, ile iliyomo ndani ya chumvi, inayozunguka juu ya visu na masufuria, na kloridi ni adui wa chuma kisichoshika kutu: huchimba vidoa vidogo ambavyo havitoki. Ondoa chumvi kwenye mchanganyiko.

Chumvi ya kutia kwenye tanki la kilainisha, chini ya ule mfuniko, iwe chumvi safi ya punje kubwa iliyotengenezwa kwa mashine za vyombo. Chumvi ya mezani mara nyingi ina iodini na viambato vya kuzuia kushikana, ambavyo huweza kuziba njia. Ukishaijaza, weka kiwango cha ugumu kwenye mashine kulingana na kipimo ulichopata, kwa kuwa watu wengi hukiacha pale kilipotoka kiwandani. Na kosa ambalo ningemwomba kila mtu alikwepe: usimimine unga wa sabuni ndani ya tanki la chumvi. Kilainisha kinaharibika, na kukibadilisha ni gharama itakayofuta akiba ya sabuni nyingi ulizojitengenezea.

Sasa huo unga ulioganda. Asidi ya sitriki na soda ni maadui wanaosubiri tone la maji wakutane. Unyevu wa hewa kila unapofungua chupa unatosha. Wakikutana hutoa gesi ya kaboni dioksidi, sitreti ya sodiamu na maji, na maji hayo huamsha punje za jirani, hivyo kazi inajiendeleza yenyewe. Asidi inayouzwa katika hali ya monohidrati huja tayari imebeba maji ndani ya chembe zake, na hiyo huganda upesi zaidi. Ukiifunga chupa barabara, gesi inajikusanya ndani. Ukisikia imevimba, ifungue taratibu ukiwa umeielekeza mbali na uso.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Asidi inakula soda yako. Gramu 100 za asidi ya sitriki kavu humaliza karibu gramu 83 za kaboneti ya sodiamu kabla ya kutulia. Umenunua vitu viwili, vikauana, kingine ukakipata katikati. Hicho cha katikati, sitreti, ndicho pekee kwenye mapishi yako kinachoshika kalsiamu, kwa hiyo mwenye mapishi hakuwa mjinga kabisa. Lakini sitreti inauzwa ikiwa tayari, kavu, haigombani na soda, na haigandi chupani namna hiyo. Hilo bonge ulilonalo livunje, ulitumie kulowekea matambaa ya kusafishia kisha uyasuuze vizuri. Usilirudishe mashineni.

Boraksi ningeiacha. Ni alkali dhaifu, pH yake iko karibu 9, na penye soda ya kufulia haina cha kuongeza ambacho utakiona. Upande wa pili, Umoja wa Ulaya unaihesabu miongoni mwa kemikali zinazoweza kudhuru uzazi, na tangu 2010 imo kwenye orodha yao ya vitu vya kuangaliwa kwa makini. Sitaki kukutisha kwa vyombo ulivyokwisha kuvioshea. Ila sioni sababu ya kuweka kwenye sahani kitu chenye faida ndogo na alama ya kuuliza kubwa.

Soda ya kuokea, bikaboneti, wengi huipenda kwa upole wake. Kwa kazi hii upole ndio udhaifu: pH ya 8 na kitu haitoi mafuta yaliyoganda. Ukiwa nayo nyingi na huna soda ya kufulia, itandaze kwenye sinia, iache ndani ya oveni kwenye nyuzi 200 kwa saa moja hivi, ukiikoroga. Itatoa maji na kaboni dioksidi na kugeuka kaboneti. Gramu 100 zitakuachia kama 63. Oveni nayo inakula umeme, kwa hiyo fanya hivyo siku unayoka kitu kingine.

Kisha kuna kitu ambacho huwezi kukipika nyumbani: vimeng'enya, yaani viambato vinavyokatakata mabaki ya chakula. Sabuni nzuri ya kiwandani ina kimeng'enya cha kukata protini na kingine cha kukata wanga. Yai lililokauka kwenye uma, uji uliogandamana pembeni mwa bakuli, hivyo havisikii soda vizuri, vinataka kukatwakatwa. Na usijaribu kununua unga wa vimeng'enya uchanganye mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wafanyakazi wa viwanda vya sabuni walipata pumu kwa kuvuta vumbi hilo, na ndiyo sababu leo hufungwa ndani ya punje zilizopakwa.

Kukosa vimeng'enya kuna bei yake, na bei hiyo hailipwi dukani. Mkemia Herbert Sinner wa kampuni ya Henkel alieleza mwaka 1959 kwamba usafi wowote unasimama juu ya mambo manne: kemikali, nguvu ya kusugua, joto na muda. Ukipunguza moja, lazima mengine yaongezeke. Programu ya kuokoa umeme, ile yenye jina la Eco, huosha kwa joto la wastani kwa muda mrefu, na inategemea sana vimeng'enya. Ukiiwekea soda tupu, vyombo vinatoka na mabaki, nawe kesho yake unahamia programu ya moto mkali. Soma kitabu cha mashine, mara nyingi kina jedwali la umeme na maji kwa kila programu, uone tofauti hiyo inakugharimu nini ikijirudia mwaka mzima.

Siki sasa. Dawa ya kusuuzia kazi yake kubwa ni kuvunja mvutano wa uso wa maji, ili maji yateleze kama shuka badala ya kukaa matone matone na kukauka yakiacha alama. Siki haina uwezo huo. Inapunguza chokaa kidogo kwa asidi yake, basi. Tena ikikaa muda mrefu ndani ya kile kichumba inaweza kudhoofisha mipira ya kuzibia. Kwenye bajeti nzima ya mashine, dawa halisi ya kusuuzia ndiyo ninayoitetea bila kusita: inatoka mililita chache kwa mzunguko, chupa inakaa, na inafanya hata sabuni ya kawaida ionekane bora.

Ukiwa bado unataka kujitengenezea, na maji yako ni laini au kilainisha kinafanya kazi, huu ndio mchanganyiko ninaoukubali, kwa uzito: sehemu 3 za soda ya kufulia, sehemu 1 ya sitreti ya sodiamu, sehemu 1 ya pakaboneti ya sodiamu. Hiyo ya mwisho ni soda iliyobeba hidrojeni peroksaidi. Ikiingia kwenye maji ya moto huiachia, nayo hutoa madoa ya chai na kahawa. Inafanya kazi vizuri kuanzia nyuzi 50 na kuendelea. Tia gramu 15 hadi 20 kwa mzunguko. Pima kwa mizani angalau mara ya kwanza, kwa sababu kijiko cha soda nyepesi na kijiko cha soda nzito vinaweza kutofautiana karibu mara mbili.

Tengeneza kiasi kidogo. Vyote viwe vikavu, kijiko kikavu, chombo kiwe na mfuniko usiokaza sana, kwa kuwa pakaboneti ikipata unyevu au joto huachia oksijeni. Isikutane kamwe na klorini wala asidi ndani ya chombo kimoja. Andika jina juu yake kwa herufi kubwa na ukiweke mbali na watoto. Usitumie kopo lililokuwa la sukari au maziwa, maana alkali hii inaunguza mdomo na koo. Unaponunua soda hakikisha ni kaboneti ya sodiamu. Kostiki soda ni kitu kingine kabisa, haifai hapa na inaweza kukupofusha. Vyombo vya alumini vioshe kwa mkono, alkali huvifanya vyeusi.

Na tafadhali, wala tone la sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono. Wapo wanaoshauri "matone matatu tu". Mashine hii inaosha kwa nguvu ya maji. Povu likiingia kwenye pampu, pampu inavuta hewa, mikono ya kunyunyizia inapoteza nguvu, na mara nyingine povu linatokea mlangoni.

Ikiwa maji yako ni magumu na mashine haina kilainisha, jibu langu ni kuacha mradi huu. Nunua sabuni ya kiwandani ya bei ya chini, lakini nunua unga, si vidonge. Hapa ndipo ninapoona akiba ambayo watu wanaiacha mezani. Kidonge kimoja huwa na uzito wa gramu 20 hivi, kimepimwa kitoshe vyombo vichafu ndani ya mashine iliyojaa, na utakilipia chote hata siku unayoosha vikombe na sahani za mkate. Unga unakuachia uamuzi. Ili ulinganishe, gawa bei ya pakiti kwa gramu zake, kisha zidisha kwa gramu unazotumia kwa mzunguko. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa soda, sitreti na pakaboneti zako, ukijumlisha na usafirishaji kama unaagiza. Usikubali bei ya kilo ikudanganye. Linganisha bei ya mzunguko mmoja uliotoka safi. Mzunguko uliorudiwa umelipwa mara mbili.

Mengine ni ya haraka. Kwangua mabaki lakini usisuuze vyombo bombani kabla ya kuviingiza, unapoteza maji bure. Washa mashine ikiwa imejaa, bila vyombo kulaliana. Safisha chujio kila wiki, maana mafuta yaliyokwama pale hurudi juu ya glasi na ukadhani ni kosa la sabuni. Kabla ya kubadili sabuni, endesha mashine tupu mara moja ukiwa umetia gramu 100 hivi za asidi ya sitriki ndani, bila sabuni yoyote, kwa joto lisilozidi nyuzi 50. Moto ukizidi, sitreti ya kalsiamu inayotokea haiyeyuki vizuri na inaweza kuganda upya.

Ukishapata unga wa dukani, anza na kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Baada ya mizunguko michache yenye matokeo mazuri punguza gramu 2, angalia glasi na uma kwa wiki moja, kisha punguza tena. Zikianza kubaki na mafuta au utando, rudi hatua moja nyuma na ubaki hapo. Kwa sufuria zilizoungua rudi kwenye kipimo kamili siku hiyo tu.